Bibi Titi Mohamed na Kazi ya Kukusanya Watu

Katika Kiswahili neno bibi lina daraja nyingi. Mjukuu humwita hivyo mama wa mzazi wake. Mji humwita hivyo mwanamke mzima anayestahili heshima. Na katika nyumba kadha wa kadha mume humwita hivyo mkewe. Ingawa matumizi ni mengi, ile maana ya kwanza huzivuta nyingine zote. Bibi ni yule ambaye nyumba yake ni ya watu wengi: mgonjwa, mfiwa, bi arusi na wagomvi wote hupita mlangoni kwake kabla ya kwenda mahali pengine. Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926, alikuwa na miaka 29 tu jina hilo lilipoanza kutangulia jina lake katika mikutano ya Tanganyika. Umri wa bibi alikuwa bado hajaufikia, lakini kazi ya bibi alikuwa nayo mkononi.

Wanaomkumbuka husifu kwanza sauti yake. Sifa hiyo ni ya haki, kwani alijua kuimba na alijua kuhutubu, na si wengi wanaojaliwa yote mawili. Hata hivyo, sauti peke yake haitoshi kueleza jambo lililotokea katika mwaka wa 1955. Sauti huwafanya watu wasimame wasikilize. Haiwafanyi watoe fedha, wachukue kadi, warudi kesho na wawalete jirani zao. Kazi hiyo ya pili ina ujuzi wake, na ujuzi huo una shule yake. Shule ya Bibi Titi ilikuwa vyama vya ngoma vya wanawake wa mjini. Asiyeitazama shule hiyo hawezi kueleza kupanda kwake, wala hawezi kueleza vema kushuka kwake.

Maisha yake ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mama yake alikuwa mkulima, mwenye asili ya Rufiji. Alisoma Kurani, kisha akasoma miaka michache katika shule ya wasichana, na elimu yake ya darasani ikaishia hapo. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi aliozwa mume aliyemzidi sana umri, na ndoa hiyo ilivunjika baada ya kuzaliwa mtoto mmoja wa kike. Katika mji wa siku zile hayo hayakuwa mambo ya ajabu. Wasichana wengi walitiwa ndani walipovunja ungo, wakaozwa, wakaachwa, wakaolewa tena. Kwa macho ya serikali ya kikoloni mwanamke wa namna hiyo hakuwa na kazi, hakuwa na elimu wala hakuwa na neno katika mambo ya nchi. Lakini serikali ilikuwa na macho mahali pasipokuwa na kitu cha kuona, na pale penye kitu haikutazama.

Penye kitu palikuwa uani na uwanjani. Tangu zamani wanawake wa miji ya pwani walikuwa na vyama vya lelemama na ngoma nyingine, kila kimoja na jina lake, sare yake, viongozi wake na mshindani wake. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na 1950 vyama vya ngoma vilikuwa vingi, na kando yake palikuwa na vilabu vya taarabu kama Al-Watan na Egyptian, ambavyo ushindani wao uliugawa mji katika pande mbili. Titi Mohamed alikuwa mwimbaji mkuu wa ngoma iliyoitwa Bomba. Mgeni aliyepita njiani angaliona wanawake waliovaa kanga za namna moja wakicheza kwa mistari, akaenda zake akidhani kuwa ameona mchezo. Aliyekaa ndani ya chama alijua kuwa mchezo ulikuwa sehemu ndogo ya shughuli. Mwanachama alipofiwa, wenziwe walikuja na mchele, sukari na kuni, wakalala matanga. Alipooza binti, walimchangia. Alipougua, walimpikia. Mchango ulikuwa na siku yake, na asiyetoa aliulizwa.

Jambo la pili katika vyama hivyo lilikuwa mchanganyiko wa watu. Dar es Salaam ilikuwa na Wazaramo wenyeji wake, ilikuwa na Wamanyema, Wangoni, Wanyamwezi, Wadigo, Warufiji na watu wa visiwani. Wanaume walikuwa na vyama vya makabila yao, vya kuzikana na kusaidiana. Katika ngoma za wanawake kabila halikuwa sharti. Mwanamke alijiunga kwa sababu ya mtaa, ya shoga yake, ya sauti ya mwimbaji au ya uzuri wa sare. Lugha ya wimbo ilikuwa Kiswahili. Basi kabla chama chochote cha siasa hakijasema kuwa watu wa Tanganyika ni wamoja, palikuwa na wanawake ambao tayari walikuwa wamezoea kula sahani moja na kuzikana pasipo kuulizana ukoo.

Kiongozi wa chama kama hicho hujifunza mambo matatu. Kwanza, hujifunza kuwajua watu kwa majina yao na haja zao: nani ameachwa, nani ana mgonjwa, nani hasemi na nani. Pili, hujifunza kushika fedha za wenzake mbele ya macho ya wenzake, maana senti moja ikipotea chama huvunjika siku hiyo hiyo. Tatu, hujifunza kusema hadharani bila kutetemeka, kujibu kijembe kwa kijembe, na kutia neno zito ndani ya wimbo mwepesi. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo chama cha siasa huyahitaji kuliko mengine yote, na chama kipya kilichoanzishwa na wasomi aghalabu huyakosa yote matatu.

Chama hicho kipya kilikuwa TANU, kilichozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Kilikuwa na Julius Nyerere, mwalimu aliyetoka chuoni Edinburgh. Kilikuwa na wazee wa mji na vijana wenye moyo. Lakini kilikuwa na pingu moja. Tangu mwaka wa 1953 serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Makarani, waalimu na matabibu, yaani wale ambao kwa kawaida wangalishika kalamu za chama, walilazimika kuchagua baina ya kadi na mshahara. Nyerere mwenyewe aliacha kazi ya ualimu Pugu katika Machi 1955. Si kila mtu aliyeweza kufanya hivyo, na si haki kumlaumu aliyeshindwa, maana alikuwa na watoto wa kulisha.

Mwanamke wa Kariakoo au Ilala aliyeuza maandazi, aliyepika pombe au aliyepangisha chumba hakuwa na mshahara wa serikali, basi hakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Udhaifu wake katika daftari la serikali ulikuwa nguvu yake katika siasa. Walakini viongozi wa chama hawakuliona jambo hilo upesi. Katikati ya mwaka wa 1955 alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa gumu. Wanawake walikuwamo, lakini kwa idadi ndogo mno. Boi Selemani, mume wa Titi wa wakati ule, alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa, na mkewe alikuwa amekwisha kuchukua kadi pamoja naye. Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa siasa wa mji, ndiye aliyewaingiza. Haja ilipotokea ya kumpata mwanamke wa kusimama mbele ya wanawake, macho yalimwangukia mwimbaji wa Bomba.

Alichofanya Titi baada ya kuchaguliwa kiongozi wa wanawake wa TANU chastahili kufikiriwa kwa makini. Hakuanza kwa kupita nyumba kwa nyumba akimwomba mwanamke mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma. Alijua kuwa kila mmoja wao alikuwa na watu wake, nao walimsikiliza kwa sababu aliwazika wazee wao na kuwatoa wali binti zao. Kiongozi akikubali, chama chake chote kilikuja nyuma yake. Inasimuliwa katika utafiti wa Susan Geiger, mwanahistoria wa Kimarekani aliyezungumza naye katika mwaka wa 1984, kwamba katika muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Sensa ya mwaka wa 1957 iliukuta mji wa Dar es Salaam na watu zaidi ya 128,000 wa rangi zote, wake kwa waume, wazee na watoto. Akilinganisha hesabu hizo mbili, msomaji ataona kuwa jambo hilo halikuwa dogo.

Kutoka Dar es Salaam kazi hiyo ilikwenda mikoani. Titi alisafiri pamoja na Nyerere na viongozi wengine, akahutubu katika viwanja ambavyo havijapata kumwona mwanamke akipanda jukwaani. Palipokuwa na ngoma za wanawake aliingia kwa mlango wa ngoma. Katika Januari 1958, chama kilipokutana Tabora kuamua kama kitashiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, yeye alikuwamo mkutanoni. Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, hapakuwa na mwanamke wa Tanganyika aliyejulikana kuliko yeye.

Si vema, hata hivyo, kumsifu mmoja kwa kuwafunika wengi. Tatu binti Mzee na wenziwe wa Dar es Salaam walikuwa pamoja naye tangu mwanzo. Wapo wapika pombe waliotoa faida ya mtungi kwa ajili ya nauli ya msemaji; wapo waliowalaza wageni wa chama na kuwapikia; wapo walioficha karatasi chini ya mikeka. Majina ya wengi wao hayamo katika majalada. Majalada ya serikali yaliandikwa kwa Kiingereza na kuwahusu wanaume waliosoma. Na hata chama chenyewe kiliandika zaidi yaliyosemwa na viongozi kuliko yaliyotendwa na waliowalisha viongozi. Wimbo uliimbwa usiku mmoja uwanjani ukawafikia watu elfu, lakini hakuna karani aliyeutia wino.

Huenda msomaji akapinga kwamba vyama vya ngoma vilikuwa na ubaya wake, na kweli vilikuwa nao. Ushindani uliwafanya baadhi ya watu watumie kwa karamu moja akiba ya mwaka; vijembe vilitia uhasama kati ya nyumba na nyumba; masheikh wengine walivikemea na waume wengine walivilalamikia. Hayo hayakanushiki. Lakini yafaa kuuliza ni chama gani cha wanadamu kisicho na ushindani. Uhodari wa Bibi Titi ulikuwa kuuchukua ushindani ule ule na kuupa lengo jingine: chama kilichotaka kumshinda mwenzake kwa wingi wa sare kilianza kutaka kumshinda kwa wingi wa kadi. Hakuua desturi ya watu ili alete siasa. Aliipandisha siasa juu ya mabega ya desturi, nayo ikatembea.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Katika mwaka wa 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, nao ukampata Bibi Titi kuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaanzisha umoja wao wa bara zima. Na tarehe 31 Julai husherehekewa mpaka leo kuwa siku ya mwanamke wa Afrika. Yeye akawa mbunge na waziri mdogo. Kwa nje huko kulikuwa kupanda. Kwa ndani palikuwa na hasara iliyokuja polepole. Umoja mpya ulikuwa na ofisi, katibu, jalada na maagizo yatokayo juu; vyama vya zamani vilikuwa na uwanja, mwimbaji na mchango utokao chini. Elimu ya uwanjani haikuwa na cheti, na serikali changa iliyotamani maendeleo ya haraka ilithamini vyeti. Waliokuja na vyeti hawakuwa watu wabaya, lakini wengi wao hawakupata kulala matanga pamoja na wale waliotakiwa kuwaongoza.

Katika uchaguzi wa mwaka wa 1965 Bibi Titi aligombea kiti Rufiji, nchi ya asili ya mama yake, akashindwa. Hakuwa peke yake, kwani wakuu wengi walishindwa mwaka ule, na mawaziri walikuwa miongoni mwao. Lakini kwake kushindwa huko kulikuwa na fundisho la pekee. Watu wake hasa walikuwa wale wanawake wa mji waliomjua kwa sauti na kwa matendo. Jina hubebwa na gari mpaka wilaya ya mbali, ujirani haubebeki.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Miongoni mwa masharti yake kwa viongozi lilikuwa kutopangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Waliomhukumu upesi walisema kuwa alipenda mali kuliko watu. Hukumu hiyo haikutazama nyumba katika maisha ya mwanamke wa Dar es Salaam ilikuwa kitu gani. Mwanamume msomi alikuwa na mshahara, na baada ya mshahara pensheni. Mwanamke ambaye talaka ingeweza kumfikia kesho, asiye na cheti wala kiinua mgongo, alikuwa na vyumba vyake sita vilivyotazamana ukumbini. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyompa chakula cha uzeeni na uwezo wa kuwalisha wengine. Kusudi la sharti lile, yaani kuzuia viongozi wasiwanyonye watu, lilikuwa jema. Lakini sharti lililokatwa kwa kipimo cha mwenye mshahara lilimbana asiye na mshahara. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na historia isiyoweza kuyashika yote mawili ni historia ya mkono mmoja.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyepata kuwa waziri, na maofisa wa jeshi, akashtakiwa kuwa alishiriki katika njama ya kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kichwa cha njama, Oscar Kambona, alikuwa nje ya nchi. Bibi Titi alikana mashtaka. Kesi ilisikilizwa katika mwaka wa 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, na hukumu iliyotolewa mwaka uliofuata ilimpa kifungo cha maisha. Katika mwaka wa 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani. Aliyewahi kuwafungulia wengine milango alirudi katika mji ambamo milango mingi ilikuwa imemfungia. Jina lake lilipungua vinywani, likapungua magazetini, na watoto waliozaliwa baada ya uhuru wakakua bila ya kulisikia.

Kumbukumbu ilianza kurudi polepole. Katika mwaka wa 1991, nchi iliposherehekea miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja tena kuwa shujaa wa uhuru. Katika mwaka wa 1997 kilitoka kitabu cha Geiger kuhusu wanawake wa TANU, na maneno ya Bibi Titi mwenyewe yakawafikia wasomi. Alifariki dunia Novemba 2000, Johannesburg, alikokuwa akitibiwa, naye alikuwa na umri wa miaka 74. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Yapita kando ya Mnazi Mmoja, uwanja ule ambao zamani ulitenga mji wa wenye maduka na mji wa wenye ngoma.

Barabara ni heshima, lakini barabara hufundisha jina bila ya kufundisha kazi. Mpita njia ajuaye kuwa Bibi Titi alipigania uhuru, asijue alivyowakusanya watu, amepewa ganda la nazi. Na kazi yenyewe haijafa. Ipo katika upatu na vikoba, ipo katika vikundi vya maulidi na vya kwaya, ipo kwa yule mwanamke wa mtaa anayeshika daftari la mchango wa msiba na asiyepotewa na hata senti moja. Watu humwita mwanamke huyo bibi, humsalimu shikamoo, hula wali wake, kisha huona kuwa hana historia ya kuandikwa.

Hapo ndipo wanafunzi wa historia na wa lugha wana deni. Vyama vya ngoma vya miaka ya 1950 vilikuwa na maelfu ya wanachama, na waliobaki ni wachache, wenye umri mkubwa. Nyimbo walizoziimba zilikuwa hotuba za wakati wake, na majina ya sare zao yalikuwa habari za siku. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa huzikwa na jalada zima ambalo hakuna karani aliyepata kuliandika. Kwenda kumwuliza hakuhitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mbali. Kwahitaji mkeka, subira, na adabu ya mjukuu anayejua kuwa mbele ya bibi yeye ndiye anayesoma.